Mshipi wa demani: kwa mnaoanza kuvua Tanga

Kila mwaka kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ikianza kulegea, mwishoni mwa Agosti kuingia Septemba, ndiyo demani inaanza, na pale ufukweni Sahare huonekana sura mpya. Kijana kaja na nailoni ya dukani ingali imefungwa kwenye plastiki yake, ndoana za kila namba, na swali moja: "Kaka, leo wanakula wapi?" Nami niliuliza hivyo hivyo nilipoanza, na hakuna aliyenicheka. Lakini baada ya miaka zaidi ya ishirini ya mshipi jibu langu ni moja: ijue chini kwanza, ndipo umwulize samaki.

Nilifundishwa na mjomba, ndugu yake mama. Siku ya kwanza alinikalisha nyuma ya ngalawa akanipa mshipi wenye chubwi tupu, ile risasi ya kuzamisha uzi, hauna ndoana hata moja. Nikadhani kasahau. Akasema, "Shusha, uniambie umefika wapi." Nikashusha mpaka uzi ukalegea, nikamwambia nimefika chini. "Chini wapi?" Sikuwa na jibu. Akaniambia niinue shibiri moja niachie, niinue tena niachie, huku ngalawa ikienda polepole na maji.

Asubuhi nzima tulifanya hivyo. Chubwi likitua kwenye mchanga halina sauti, ni kama kiganja kwenye godoro, na ukitaka kuliinua linakuwa zito kidogo kwa sababu limezama. Kwenye majani ya bahari linainuka kwa kusitasita, kama chanuo kwenye nywele zisizochanwa siku tatu. Kwenye mwamba hai linagonga, pigo kavu linalopanda na uzi mpaka kwenye kiwiko. Nikitaja sawasawa mjomba alipiga kafi tukasogea. Nikikosea alinyamaza, nami nikajua nirudie. Kuna hali ya nne, nitaisema mbele.

Nawaomba waja leo wote wafanye hivyo siku mbili au tatu kabla ya kutia chambo. Najua inakera, maana umeacha kazi yako, umechangia mafuta au umeomba nafasi kwenye chombo cha watu, unataka kurudi na kitoweo. Lakini samaki wa chini hawakai ovyo. Changu anapenda ukingo, pale mwamba unapokwisha na mchanga kuanza, maana chakula chake kingi kimefukiwa mchangani na maficho yake yako mwambani. Tasi utamkuta kwenye majani. Chewa ana shimo lake na hatoki mbali nalo. Ukiwa pima tatu nje ya ukingo unaweza kukaa mpaka adhuhuri ukadhani bahari imekufa, kumbe wako hapo upande wako wa kushoto.

Ukiupata ukingo, uwekee alama. Tafuta vitu viwili upande mmoja vinavyolingana, na viwili upande mwingine. Mimi alama yangu moja ni mnara wa taa wa kisiwa cha Ulenge, nyingine ni mnazi fulani unaoingia chini ya kilele cha Usambara. Demani ina neema hiyo: alfajiri hewa ni safi, milima ya upande wa Muheza huonekana wazi kabla mawingu hayajaikalia. Wenye GPS kwenye simu watumie, si vibaya, ila alama ya macho haiishiwi chaji.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wageni wengi wanapopotelea.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana. Kati yake, mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu. Siku za bamvua Tanga maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Siku za maji mafu ni kinyume: saa 4 ndiyo yamejaa, saa 10 ndiyo yamekupwa. Ukishika hilo moja na ukajua tarehe ya mwezi mwandamo, unaweza kukadiria maji ya siku yoyote bila kuuliza mtu. Mzee yeyote ufukweni anahesabu hivyo, na ndiyo maana akiangalia mwezi juu ya mikoko haangalii uzuri wake tu.

Bamvua la Septemba ni la kuheshimiwa. Mwaka una bamvua kubwa mara mbili, karibu na Machi 21 na karibu na Septemba 23, wakati jua linapokuwa sawa juu ya ikweta. Maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yote hayo lazima yapite kwenye milango ile ile kati ya visiwa na miamba. Mkondo unakuwa mkali kiasi kwamba chubwi la kawaida halikai chini, uzi unalala mbele kama unaburura. Mgeni huongeza risasi, na risasi ikizidi kidole hakisikii tena kitu. Ushauri wangu: siku zile kubwa kabisa vua saa moja kabla maji hayajasimama na saa moja baada yake, basi. Kwa anayeanza, maji mafu ndiyo shule. Mkondo ni mpole, uzi unasimama wima, unasikia kila kinachogusa.

Kusikia kwenyewe kuna utaratibu wake. Kipupwe cha Juni na Julai huacha bahari imepoa. Joto la maji hushuka hadi nyuzi 25 hivi mwezi wa Agosti, na haliwi la nyuzi 29 mpaka kaskazi ishike kweli. Wiki hizi za mwanzo wa demani mimi huona samaki wa mwambani hana pupa. Anakuja, anaonja, anaacha. Wengine watakuambia ni uchafu uliovurugwa na kusi ndio unamfanya asite, na huenda ikawa hivyo. Mimi nasema tu kidole kinachokutana nacho. Changu hudonoa mara mbili, hutulia, halafu huvuta. Mgeni hunyanyua mkono kwenye mdono wa kwanza, akampokonya samaki chakula mdomoni. Ngoja ule mvuto. Kikande ni midono midogo ya haraka haraka kama cherehani, na ukiinua utakuta ndoana safi, hana haya yule. Hama, usimlishe. Chewa hadonoi: uzi unakuwa mzito tu, kama umenasa gunia. Hapo una pumzi mbili za kumnyanyua, maana akishaingia shimoni akatanua matamvua yake humtoi kwa nguvu. Akiwahi, usimvute mpaka uzi ukatike. Legeza kabisa, uvumilie dakika kadhaa, akidhani mambo yamekwisha atasogea mwenyewe, ndipo umnyakue.

Uzi upite juu ya kidole cha shahada, usiuzungushe mkononi hata mara moja. Nimeona kolekole akiondoka na nailoni iliyozungushwa kwenye kiganja cha mtu, na mfupa wa kidole ulionekana. Kata pete ya mpira kwenye tyubu ya baiskeli, mji wetu hauzikosi, uivae kwenye kidole kile. Inakinga, na bado ni nyembamba kiasi cha kupitisha mdono.

Vifaa visiwasumbue akili. Nailoni ya ukubwa wa kati, ndoana namba 8 hadi 12 kwa changu na tasi (namba ikipanda ndoana inakuwa ndogo), ngisi au kamba kwa chambo. Jambo moja tu la kuiga: chubwi lining'inie chini ya ndoana kwa kipande cha uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Likinasa mwambani, kinakatika kile kipande, unapoteza risasi peke yake.

Nije kwenye kosa langu, kwa sababu natamani msilirudie. Ilikuwa mwanzo wa Septemba, siku mbili kabla ya bamvua. Tulitoka alfajiri na umande, upepo ule mwepesi wa kutoka bara, maji yakikupwa yakitusukuma nje vizuri. Ndivyo inavyotakiwa: utoke na umande, urudi na upepo wa baharini. Kabla ya saa 6 tungekuwa tumegeuza. Lakini changu walianza kula, na ni walaji wa kweli, mmoja nyuma ya mwingine, nikamwambia mwenzangu tumalizie ngisi waliobaki. Saa 8 mchana maji yakafika ukomo wa kujaa yakaanza kurudi nje. Kusi nayo, ambayo tulidhani imekufa, ikaamka. Upepo ukaingia ghubani, maji yakatoka ghubani, na pale vinapokutana mawimbi hayawi marefu ya kupanda na kushuka. Yanasimama. Yanakuwa mafupi, yenye ncha, yakifuatana bila nafasi. Ngalawa ina mirengu pande mbili, zile mbao za pembeni za kuizuia isipinduke, lakini haikuumbwa kupigwa hivyo. Kamba moja ya mrengu ilianza kulegea, mimi nikaishika kwa mikono, mwenzangu akakumba maji kwa kidumu kilichokatwa, akikumba na kuomba dua kwa sauti. Tulichukua karibu saa tatu kufika mahali ambapo siku nyingine ni chini ya saa moja. Samaki tulimwaga baharini wote tupunguze uzito.

Tangu siku hiyo sitoki bila kujibu maswali mawili: upepo wa alasiri utatoka wapi, na saa hiyo maji yatakuwa yanakwenda wapi. Vikipingana, nageuza mapema hata kama wanakula. Na jaketi la kuokolea linavaliwa, halikaliwi kama mto. Kuna wanaoona kuvaa ni uoga. Waacheni waone, nyinyi vaeni.

Ukishampata samaki, mtazame kabla ya kumshika. Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni. Akikuchoma, loweka mahali hapo kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, maana joto huivunja sumu ile, kisha nenda zahanati ikiwa maumivu hayatulii. Bunju, yule anayejijaza akawa mpira, mrudishe, usimpe mtu wala paka. Sumu yake imo hasa kwenye ini na mayai, na kupika hakuiondoi. Wengine watie kivulini papo hapo, ukiwa na barafu ni bora zaidi. Mnunuzi wa Deep Sea, soko letu la samaki, hufunua matamvua kwanza, na rangi anayoiona humo ndiyo bei yako.

Leseni kateni, ya mvuvi na ya chombo, na mjitambulishe kwa BMU ya mwalo wenu, kile kikundi cha usimamizi wa ufukwe. Ulizeni mipaka. Ulenge, Kwale, Mwewe, Kirui na Maziwe ni maeneo tengefu, yaani yaliyotengwa na kulindwa, na tangu 2009 kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kwa ajili ya yule samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Sisi wa mshipi hatumfikii, yuko kina kirefu mno. Jarife, zile nyavu za kutegwa chini, ndizo zilizomnasa huku kwetu. Lakini ni wa kwetu, na ni haki mtoto wa Tanga amjue.

Sasa ile hali ya nne niliyoiacha. Siku ile na mjomba, tukiwa tumekaribia kugeuza, chubwi langu lilitua likafanya kitu kigeni. Haligongi, halizami, linabingirika. Ukiinua linakwaruza, likitua linateleza kama umetupa jiwe kwenye kifusi cha nyumba iliyobomolewa. Nikanyamaza, sikujua neno la kusema. Mjomba akasema, "Hapo palipigwa baruti." Alikuwa amepajua kabla, palikuwa na chewa wa kujaza mikono miwili. Baruti moja ilikuwa imeyavunja matumbawe yakawa vipande kama vidole, na vipande hivyo hubingirika na kila mkondo, kwa hiyo tumbawe changa haliwezi kushika likakua. Mtu mmoja kwa dakika moja, na mimi niliyezaliwa baadaye nikakuta kifusi.

Ndiyo sababu kubwa ya kuwataka mshushe chubwi tupu kwanza. Mtakutana na vifusi vingi upande wetu, zaidi ya mnavyofikiri, na kidole chenu kitajua mapema kilichoharibiwa na kilichobaki. Ukisikia mlio wa baruti au ukimwona mwenye nazo, piga simu kwa BMU au doria, hata kama ni jirani. Mimi nimewahi kufanya hivyo na nililala vizuri.

Pale alipoonyesha mjomba mimi hupita kila demani na chubwi bila ndoana. Sehemu kubwa bado inabingirika. Upande mmoja wa kusini, kama urefu wa ngalawa mbili, mwaka jana liligonga. Nikainua nikaachia tena, likagonga. Sijapaweka alama kwa mtu yeyote, na ndoana zangu hazijashuka pale.