Kwadi ya kwanza ya kijana wa miaka 13

Dada, hiyo kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ya cc 250, yaani ukubwa wa injini, uliyoona inauzwa bei chee hapo Moshi mjini ukataka kumnunulia kijana, achana nayo. Ina uzito wa karibu kilo 200. Ikimpindukia, mtoto hawezi kuisukuma. Kwa umri wake tafuta isiyozidi cc 90, ya otomatiki, yenye skrubu ya kupunguza spidi pale kwenye kiongeza mafuta na kamba ya kufunga mkononi, akidondoka injini inazima yenyewe.

Usinunue bila yeye kuwepo. Mpandishe, asimame kwenye vikanyagio: kati ya makalio na siti ibaki nafasi ya kiganja hivi. Kisha akae, akate usukani mpaka mwisho huku vidole vikishika breki. Asipofika, bado ni kubwa kwake.

Helmeti ni lazima, na buti, si ndala. Asipakie mtu, hata mdogo wake. Na kule Kibosho miteremko na mifereji ya migombani siyo ya kujifunzia (mpwa wangu alipinduka akikata kona kwenye kilima, bahati akaangukia majani ya ng'ombe). Aanzie uwanjani, tambarare, wewe ukiwepo.