Maelezo ya Kukariri Yananiangusha

SWALI: Mpendwa Mshauri, mimi ni kijana wa Nungwi, Unguja. Nimekuwa nikiwaongoza wazamiaji kwa muda mrefu, na sasa ninajiandaa kwa kozi na mtihani wa ualimu wa PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya uzamiaji. Mizamio 100 inayotakiwa kabla ya mtihani nimeshaivuka, na mazoezi ya majini hayanisumbui. Shida yangu ni kusema. Maelezo ya kabla ya kuingia majini nimeyakariri kwa Kiingereza neno kwa neno, na mkufunzi wangu anasema nasikika kama msomaji wa taarifa ya habari. Mwanafunzi akinikatiza kwa swali, napotea kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, usitafute maneno mazuri zaidi ya kukariri. Kariri mpangilio tu: zoezi lenyewe, faida yake, namna ya kulifanya, na ishara zitakazotumika. Mwenye mpangilio kichwani hata akikatizwa anajua alipofika, ilhali aliyekariri sentensi hulazimika kurudi mwanzo.

Chukua zoezi la kutoa maji kwenye maski, ile miwani ya kuzamia inayofunika macho na pua. Lieleze kwanza kwa Kiswahili, kwa nahodha wa boti au kwa mdogo wako ambaye hajawahi kuzamia: unavuta hewa kwa mdomo, unabana ukingo wa juu wa maski kwenye paji la uso, unainua uso kidogo, kisha unapuliza kwa pua mpaka maji yatoke chini. Akikuuliza kwa nini usivue maski kabisa, mjibu, halafu endelea. Baada ya hapo lieleze kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi. Wageni wengi wanaofika Nungwi ni Wataliano, Wajerumani na Wapoland, ambao Kiingereza si lugha yao pia, kwa hiyo ufupi huo utawafaa wao kuliko ufasaha wa kuazima.

Acha kuuliza “Mmeelewa?” Mgeni aliyelipa pesa zake na kuvaa mtungi wa hewa mbele ya wenzake atakuitikia ndiyo hata kama hakushika kitu. Muulize, “Maji yakijaa kwenye maski, utaanza na nini?” na jibu lake litakuonyesha pa kurudia. Vilevile, lile neno “usiogope” litumie kwa uchache sana, maana asiyekuwa na hofu huanza kujiuliza kuna nini. Ni afadhali umwambie waziwazi kwamba wengi hushtuka maji yanapogusa pua, kwamba anaweza kuendelea kupumua kwa mdomo hata maski ikiwa imejaa, na kwamba wewe utakuwa mbele yake, karibu kiasi cha kumshika. (Mizaha ya papa iache kabisa; sijaona mwanafunzi aliyefaidika nayo.)

Mikono nayo inasema, na hapa walimu wapya huteleza bila kujua. Chini ya maji, dole gumba lililoinuliwa lina maana ya kupanda juu, wala si kusifu. Ukiwa na mazoea ya kuwapongeza wanafunzi kwa dole gumba mkiwa ufukweni, usishangae mmoja wao akikuinulia dole hilo mkiwa mita sita chini, akitaka kukuambia kwamba yu salama, nawe ukalazimika kumpandisha. Tangu nchi kavu, mpongeze kwa duara la kidole cha shahada na gumba, umzoeshe kulirudisha.

Mkishazama, punguza kasi ya kila tendo na umtazame macho na mapovu. Anayetoa mapovu mfululizo huku macho yamemtoka hajatulia, hata kama mkono wake unasema yuko sawa. Mpe ishara ya kupumua taratibu kabla ya kuendelea na zoezi.

Na siku ya mtihani, ukigundua katikati ya maelezo kwamba hukutaja faida ya zoezi, itaje pale pale kwa sauti ya kawaida, kisha uendelee na ishara.