Kabla Hujagusa Kliki, Kagua Skrubu

Lalamiko ninalolisikia zaidi kutoka kwa wamiliki wa bastola hapa Tanga ni kwamba kilengeo cha nukta nyekundu "hakishiki". Leo risasi zinaingia katikati, wiki ijayo zote zimehamia kushoto. Mwenyewe anazungusha kliki, yaani zile hatua ndogo za skrubu ya kurekebishia nukta, risasi zinarudi katikati, halafu zinahama tena. Risasi zinakwisha, fedha zinakwisha, na mwisho mtu anaapa kwamba vilengeo hivi ni vya kwenye sinema tu. Mara nyingi kliki hazina kosa lolote. Kilengeo hakikufungwa sawasawa tangu siku ya kwanza.

Namiliki bastola kwa leseni, napiga shabaha kwa muda mrefu, na wenzangu wenye leseni huniomba nisimame nao wanapofunga vilengeo vyao. Ninachoandika hapa ndicho ninachowaambia uso kwa uso.

Kwanza ujue kilengeo chenyewe kinavyofanya kazi. Ndani kuna taa ndogo sana inayomulika kioo cha mbele, na kioo hicho kinairudisha nuru kwenye jicho lako. Hakuna mwanga unaokwenda kwa unachokilenga. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa kilengeo cha kwanza cha aina hii cha umeme mwaka 1975, na kwa miaka mingi vilikaa zaidi kwenye bunduki. Kwenye bunduki kilengeo kinakaa juu ya mwili wa silaha uliotulia. Kwenye bastola kinapanda juu ya slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, na slaidi hurushwa nyuma, ikagota, ikarudi mbele ikagota tena, kila unapofyatua. Kipigo chote hicho kinabebwa na skrubu mbili nyembamba. Ndiyo maana nazisisitiza skrubu kuliko kitu kingine chochote.

Kijana mmoja mfanyabiashara kutoka Muheza alinijia na bastola yake akiwa amekata tamaa.

"Shikamoo kaka. Hii kitu nadhani wameniuzia feki."

"Marahaba. Toa magazini, vuta slaidi, nionyeshe chemba kwanza."

Chemba ilikuwa tupu. Nikamwambia akibane kilengeo kwa kidole gumba na kukisukuma pembeni, huku anaangalia pale kinapokutana na slaidi. Kwa macho hakikucheza hata kidogo. Lakini kila alipobana, mstari mwembamba wa mafuta ulijitokeza chini ya pleti, kile kibati kinachounganisha kilengeo na slaidi, na alipoachia ukarudi ndani. Mafuta hayawezi kuingia na kutoka mahali palipobanwa sawasawa. Tulipofungua, nyuzi za skrubu zilikuwa zinang'aa kwa mafuta ya kiwandani, na gundi ya kufungia skrubu ilikuwa bado majimaji. Kilengeo kilikuwa kizima kabisa.

Kwa hiyo anza hivi. Silaha iwe tupu, magazini nje, risasi zote ziwe chumba kingine. Hakikisha kilengeo na slaidi vinaoana. Trijicon RMR ina mpangilio wake wa matundu, Shield RMSc ina wake, Leupold DeltaPoint Pro ina wake, na Aimpoint ACRO haifanani na yoyote kati ya hizo. Bastola kama Glock MOS, ambazo slaidi yake imechongwa kiwandani kupokea kilengeo, huja na pleti za kuunganishia aina mbalimbali. Chagua pleti inayotajwa kwa kilengeo chako, usilazimishe inayokaribiana. Ukishaiweka pleti, mulika tochi ya simu upande mmoja na utazame upande wa pili. Ukiona mwanga unapenya chini yake, haijakaa. Na pleti ina skrubu zake yenyewe. Wengi huzifunga skrubu za kilengeo kwa uangalifu mkubwa na kuzisahau za pleti, kisha wanashangaa.

Urefu wa skrubu ni jambo la hatari kuliko linavyoonekana. Fupi mno itashika nyuzi mbili tatu na kung'oka. Ndefu mno, kwenye bastola nyingi, itashuka hadi njia ya pini ya ile ndoano inayovuta ganda, na bastola itaanza kukwama kutoa maganda wakati mwenyewe analaumu risasi. Baada ya kufunga, vuta slaidi kwa mkono mara kadhaa na ubonyeze ndoano hiyo kuona kama bado inacheza kwa uhuru. Tafadhali usiende Ngamiani kutafuta skrubu "inayofanana" kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Tumia zilizokuja na pleti au kilengeo, au agiza hizo hizo.

Safisha matundu na nyuzi kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke kikavu na cheupe, uache vikauke. Weka tone dogo la gundi ya buluu, kama Loctite 243. Nyekundu iache, maana kuifungua kunahitaji moto, na moto hautakiwi karibu na kilengeo. Tone liwe dogo kweli, kwa sababu gundi hizi zinaweza kupasua baadhi ya plastiki. Kisha tumia bisibisi ya kupimia nguvu. Vilengeo vingi vinaomba kati ya nyutonimita 1.4 na 1.7, ila kitabu cha kilengeo chako ndicho chenye kauli ya mwisho. Mkono haupimi kiasi hicho. Nimewaona mafundi wazuri wa pikipiki wakikata kichwa cha skrubu kwa kuzoea boliti kubwa. Kaza kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, halafu iache silaha saa 24 kabla ya kuipiga. Mwisho chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa kilengeo. Mstari ukikatika siku moja, utajua skrubu imezunguka bila kupoteza hata risasi moja.

Sasa renji. Kazi hii inafanyika kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, chini ya msimamizi. Shambani kwa jamaa nyuma ya mikonge hapafai.

Anza mita 10. Egemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga, usiegemeze mtutu wala slaidi. Kama vilengeo vya chuma vya bastola yako vinapiga sawa na vinaonekana ndani ya kioo, sogeza nukta ikae juu kidogo ya ncha ya kile cha mbele. Hapo utakuwa umeshakaribia. Piga risasi tano ukilenga sehemu ileile, bila kugusa chochote katikati. Tundu moja halikwambii kitu, matano yanakwambia. Tafuta katikati ya kikundi, upime umbali kutoka pale ulipolenga.

Hesabu yake ni nyepesi. Kliki moja kwenye vilengeo vingi vya bastola ni MOA 1 (kipimo cha pembe, sehemu moja ya 60 ya digrii), ambayo kwa mita 10 ni karibu milimita 2.9, na kwa mita 25 ni karibu milimita 7.3. Kikundi kikiwa sentimita 3 kushoto kwa mita 10, unahitaji kliki kama 10 kwenda kulia. Sentimita 3 hizo hizo kwa mita 25 ni kliki 4 tu. Mshale ulioandikwa kwenye skrubu ya kurekebishia kwa kawaida unaonyesha risasi itakakohamia, na nukta ndani ya kioo huenda upande wa pili. Hilo huwachanganya wengi. Piga tano nyingine, kisha uhamie mita 25 kumalizia. Mimi napenda kusawazisha kwa mita 25, kwa sababu kwa risasi ya kawaida ya 9 mm risasi itaingia chini ya nukta kwa pungufu ya sentimita moja unaporudi mita 10, na hiyo haisumbui.

Jihadhari usisawazishe makosa ya kidole. Anayetumia mkono wa kulia akikwapua kifyatulio, risasi huenda chini kushoto, na ukizifuata kwa kliki utakuwa umeharibu kilengeo kizuri. Vikundi vikitawanyika, pumzika, au muombe mwenzako mzoefu apige tano chini ya msimamizi huyohuyo. Na tumia risasi unazozitumia siku zote. Za uzito wa greni 115 na za 147 hazifikii mahali pamoja.

Ukiona nukta imechanua miale, usikimbilie kurudisha kilengeo dukani. Ipige picha kwa simu kupitia kioo. Ikiwa kwenye picha ni duara safi, nenda kapimwe macho, na wakati huo punguza mwanga wa nukta.

Sisi wa pwani tuna kazi ya ziada. Unyevu na chumvi vinakula skrubu za chuma hata silaha ikiwa imefungiwa kabatini. Weka vifuko vya kunyonya unyevu kwenye sefu, na ubadilishe vikishalowa. Kioo kifute kwa kitambaa cha miwani. Kanzu na khanga zina vumbi linalokikwaruza. Kama kilengeo chako kina taa ya wazi, isiyofungiwa ndani ya vioo, peperusha vumbi kwenye shimo la taa kwa pampu ndogo ya mkono. Betri ibadilishe kila mwaka tarehe moja, hata kama bado inawaka. RMR ya kawaida hutumia betri ya CR2032 inayokaa chini ya kilengeo, kwa hiyo kuibadilisha ni kukifungua chote: gundi upya, nguvu ileile, mstari mpya wa rangi, na risasi tano za kuhakikisha. Holosun 507C inatumia CR1632 inayoingia pembeni, na kwayo huhitaji kugusa skrubu kabisa.