Sili nzima, tairi 40 hazipo!

SWALI: Salaam aleikum ami. Nina lori mbili hapa Miritini, nabeba kontena kutoka CFS, yani yadi ya kontena nje ya bandari, kupeleka Nairobi. Mwezi uliopita nilibeba tairi za lori, sili, ile lakiri yenye namba ya mlangoni, ikafika nzima kabisa na namba ni ile ile ya kwenye karatasi zangu, lakini kuhesabu tairi 40 hazipo. Mwenye mali anataka nilipe, dereva nishamwambia akae nyumbani kwanza. Wanaibaje bila kukata sili? Na tracker gani ninunue, kile kifaa cha kuonyesha gari iko wapi, manake kila mtu aniambia ndo dawa.
Mwenye lori, Miritini

JIBU: Waleikum salaam mwanangu, na pole sana, hiyo ni hasara ya kumfunga mtu biashara.

Sili nzima haimaanishi mlango haukufunguliwa. Nenda kasimame nyuma ya kontena yoyote uangalie ule mkono unaovuta kufungua mlango. Sili imeshika mkono, sawa, lakini mkono wenyewe umeshikwa kwenye kile chuma kirefu cha wima kwa riveti tu, sasa jamaa anakuja na drili au grenda anaitoa hiyo riveti, mkono unang'oka pamoja na sili yake bila kuguswa, mzigo unashuka, halafu anarudisha nati mpya anaipaka rangi na safari inaendelea. Mimi niliwahi kuiona moja Changamwe, kontena nzima imeliwa na kutu na chumvi lakini nati moja inang'aa, nilipopitisha kidole rangi ikanishika, bado mbichi.

Kwa hivyo dereva asikague sili peke yake. Apige picha mikono, riveti na bawaba kabla hajatoka CFS, na tena kila akisimama. Na wewe ongeza kufuli ya kukumbatia vile vyuma viwili vya kati, au sili ya waya iliyovizunguka vyote viwili, hapo hata mkono ukitolewa milango haifunguki kirahisi.

Lakini kabla hujalipa chochote, tafuta vitu viwili. Kwanza, hiyo kontena ilifunguliwa kwa ukaguzi wa forodha? Ikifunguliwa inapigwa sili mpya, kwa hivyo linganisha namba uliyobeba na ile ya kwenye bill of lading, karatasi ya mzigo ya meli, zikitofautiana kuna mtu alifungua kabla yako na lazima kuwe na karatasi inayosema nani na lini. Pili ni uzito. Tairi moja ya lori ni kama kilo 50 na zaidi, 40 ni tani mbili! Kama dereva alipewa tikiti ya mizani Mariakani na nyingine Athi River, ziweke pamoja. Dizeli iliyoungua katikati hapo ni kama lita 200, hata kilo 200 haifiki, kwa hivyo pakipungua tani mbili ujue zilishuka njiani, na pasipopungua basi tairi ziliondoka kabla ya Mariakani, au baada ya Athi River, au hazikuwahi kupakiwa.

Tracker nunua, ila usiitegemee peke yake. Wezi wana vijidude vya kuchomeka pale pa kuwashia sigara vinaua mawimbi yote ya tracker, kwa hivyo cha maana ni mtu wa kuangalia simu usiku na kupiga mara gari ikipotea kwenye ramani, sio asubuhi. Na ule mfumo wa KRA, watu wa ushuru, wa sili za elektroniki ulioanza 2017 ni wa mizigo ya transit ya kwenda Uganda, Rwanda na kwingine, mzigo wako wa Nairobi usidhani kuna mtu anauangalia.

Kingine, dereva ale, aswali, ajaze mafuta KABLA ya kupakia, ndo asiwe na haja ya kusimama Mazeras au Mariakani na wale waliomuona akitoka getini wako nyuma yake. Akilala, alale yadi yenye mlinzi, milango imebanwa na ukuta. Soma pia bima yako, nyingi hazilipi gari ikiachwa bila mtu. Na mileji ya dereva, pesa ya safari, iwe ya kutosha kula na kulala, manake wa kuuza lita 20 za dizeli apate chakula ndo huyo huyo wezi wanamfuata baadaye na ofa kubwa.

Huyo dereva wako mrudishe kazini mpaka uone tikiti na uishike ile nati kwa mkono wako.