Vipande vinaongezeka, jibu haliji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nipo mwaka wa pili chuo, nasoma uinjinia. Tumepewa kazi ya kutafuta eneo chini ya grafu ya kipeuo cha pili cha x kuanzia 0 mpaka 1, jibu la kweli linajulikana ni theluthi mbili, yaani 0.666667. Kwa kanuni ya Simpson (unagawa eneo vipande na kupitisha parabola juu yake), vipande 2 nimepata 0.638071, vipande 4 nikapata 0.656526. Darasani tuliambiwa ukizidisha vipande mara mbili kosa linapungua mara 16, mbona langu halijafika hata mara 3? Nimekosea wapi, au niandike tu programu niweke vipande milioni?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hesabu zako ziko sawa kabisa, hujakosea popote. Ile mara 16 ina sharti lake na watu wengi wanafundisha namba wanaacha sharti: grafu iwe laini kote, mpaka derivativu ya nne (derivativu ni mteremko wa grafu, hapo umeutafuta mara nne mfululizo). Yako sio laini, pale kwenye 0 imesimama wima kama ukuta, na Simpson anachofanya ni kupitisha parabola kwenye pointi zako, sasa hakuna parabola ya namna ile inayoweza kusimama wima, kwa hiyo sehemu kubwa ya kosa lako imejazana pale mwanzoni, huku kwingine kanuni inafanya vizuri tu.

Hebu gawanya makosa yako, 0.028596 kwa 0.010140. Unapata 2.82. Hiyo karibu kabisa ni 2 kwa kipeo cha 1.5, yaani 2.828, na ndo spidi halisi ya kosa kwa kipeuo cha pili. Kwa hiyo linapungua kwa mpangilio, na mpangilio ukishaujua unautumia. Mwingereza Lewis Fry Richardson aliliandika wazo hili mwaka 1911: chukua tofauti ya majibu yako mawili, 0.018455, gawa kwa 1.828 (spidi toa moja), kinachopatikana ongeza kwenye jibu lako la pili. Inakuja 0.666622. Vipande vilevile 4! Kwa Simpson peke yake ungehitaji zaidi ya 100 kufika hapo. Ila ungegawa kwa 15 (16 toa moja) kama vitabu vinavyoandika ungepata 0.657756, karibu hujasogea.

Vipande milioni vitakufikisha ndio, lakini ni kuichosha kompyuta bure. Mi ningebadilisha variabo kwanza, weka x = t², swali linageuka kuwa eneo la 2t² kuanzia 0 hadi 1, ukuta umeondoka, na Simpson wa vipande 2 anakupa theluthi mbili kamili maana kwa polinomia (jumla ya vipeo vya t) mpaka digrii ya tatu hakosei.

Na kama jibu la kweli hulijui, ambavyo ndo kawaida kazini, fanya kwa 2, 4 na 8, halafu gawanya tofauti ya kwanza (jibu la 4 na la 2) kwa ya pili (la 8 na la 4), ikija karibu na 16 tumia 15 bila wasiwasi, isipokuja usitumie.

Hata grafu laini zinaweza kukupiga chenga. Chukua 4/(1+x²) kuanzia 0 hadi 1, jibu ni pai, 3.141593. Simpson kwa vipande 2 anatoa 3.133333, kwa 4 anatoa 3.141569, safi sana. Sasa fuata njia ya Romberg ya 1955, ile ya kurudia sahihisho hatua kwa hatua, gawa tofauti kwa 15 uongeze: 3.142118. Jibu limeharibika! Sababu ni kwamba derivativu ya tatu ya hii grafu ni 0 kwenye ncha zote mbili, lile kosa la mara 16 halipo kabisa, lililobaki linapungua mara 64, kwa hiyo hapo ulikuwa unasahihisha kosa ambalo halikuwepo.