Jibu: Mwanangu wa miaka 12 anafungua kila kitu, nimkataze?

Dada, umesema kijana kafungua redio ya sebuleni na sasa akitoka shule anashinda gereji. Usimkataze. Mimi nimekulia Ngamiani hapahapa Tanga, nilianza hivyohivyo.

Gari langu la kwanza lilikuwa la waya, tairi nimekata kwenye kandambili zilizochakaa (za mama, nilichapwa), usukani mrefu unafika kifuani. Tukishindana, langu linavuta kushoto tu. Siku tatu nahangaika, kumbe ekseli ya mbele nimeifunga mshazari, upande mmoja umerudi nyuma kama unene wa kidole. Ukubwani nikakutana na ugonjwa uleule kwenye Corolla ya mteja: inavuta upande, inakula tairi. Nikacheka peke yangu.

Marehemu babu alikuwa na hadithi moja tu, Safari Rally, mashindano ya magari yaliyoanza 1953 na enzi hizo yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shujaa wake dereva Joginder Singh, mshindi wa 1965, 1974 na 1976. Naye alianza kama fundi.

Ila kamuone huyo fundi wa gereji mwenyewe. Mtoto asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu, na asiguse kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Hapo sina utani. Akimaliza shule, vyuo vya ufundi vya VETA vipo.

Na hiyo redio, airudishie mwenyewe.