Unreif: changa au halijaiva?

Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa Hamburg nilinunua maparachichi matatu, magumu kama jiwe, nikayatia kwenye friji. Wiki mbili baadaye nikakata moja: ndani mishipa ya kijivu, nyama kama raba. Mama wa nyumba ya jirani akalibonyeza, akatikisa kichwa: "Unreif." Halijaiva.

Neno hilo nimeishi nalo miaka, na bado naliona limepungukiwa. Sisi tuna changa, pevu na bivu. Embe changa ukilivumbika linasinyaa tu na ugwadu wake. Embe pevu, hata likiwa kijani, limeshajaza wanga, na wanga huo ndio unaogeuka sukari. Kwa Kijerumani cha kila siku yote mawili ni unreif. Wakulima wao ndio wanaotofautisha: pflückreif ni tunda lililofikia kuchumwa, yaani pevu, genussreif ni la kuliwa.

Kwa hiyo ukiwa dukani usihangaike na ugumu, tafuta upevu. Embe liangalie mabega. Yakiwa yamejaa na kupanda hata kikonyo kikaonekana kimezama, chukua. Yakiwa yameteremka, liache, hata liwe la bei ya kutupa.

Nyumbani, vumbika. Wajerumani huita nachreifen, kuiva baada ya kuchumwa. Tia embe au parachichi kwenye mfuko wa karatasi pamoja na tufaha au ndizi mbivu, ukunje mdomo. Tunda bivu hutoa gesi ya ethilini, nayo huliamsha jingine. Bibi yangu alifukia mikungu kwa majani makavu ya mgomba, na gesi ikabaki mlemle. Ndizi za huku pia husafiri melini zikiwa kijani, kwenye nyuzi 13 au 14 hivi, kisha huvumbikwa kwa ethilini katika vyumba maalumu. Baridi ya friji ni kali kuliko hiyo, ndiyo iliyoniharibia maparachichi. Tunda liive kwanza, friji baadaye.

Stroberi, zabibu, machungwa na nanasi usizivumbike. Zikishakatwa, utamu wake hauongezeki. Hizo nusa au onja kabla ya kulipa.

Parachichi likianza kulegea, lichokonoe kikonyo kwa ukucha. Kikitoka kwa urahisi na chini yake pakawa kijani, likate siku hiyohiyo. Pakiwa kahawia, mara nyingi umeshachelewa.